Gramu Mia Tisa za Wifi

Kazini walimwita Bi Tairi, ingawa magurudumu aliyoyatengeneza hayakuwa na tairi hata moja. Yalikuwa sita, ya alumini tupu, na yalikusudiwa kwenda mahali ambapo mpira ungekakamaa kwa baridi na kupasuka kama gamba la yai: kwenye sayari ya Mirihi, chini ya gari dogo lisilo na dereva. Gari hilo lingetambaa huko juu ya mawe, likipiga picha na kutoboa miamba, na kama lingeharibika hakuna fundi ambaye angeweza kupanda kwenda kulitazama. Ndiyo maana kila kitu kilijaribiwa hapa chini mpaka watu wakachoka, kisha kikajaribiwa tena.

Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Kabla ya kazi hiyo alikereza, yaani alichonga kwa mashine ya kuzungusha chuma, vipuri vya pampu na malori kwa miaka kumi na saba, katika karakana ambako wateja walimpita mlangoni wakiuliza, "Fundi yuko wapi?" naye akijibu, "Umeshampita." Kituo cha utafiti kilipotafuta mtu wa kukereza, waombaji thelathini walipewa kila mmoja bomba la alumini, wakaambiwa walipunguze unene mpaka libaki kama ukucha. Wengi walilitoboa. Wachache walilipinda. Bi Tairi alilirudisha mezani likiwa zima, akauliza kama wanataka lipungue zaidi.

Mtu wa namna hiyo hakuwa na sababu ya kumwonea mwenzake kijicho. Sababu aliileta mwenyewe nyumbani, kwa hiari yake.

Siku moja ya mvua alimkaribisha kwao mhandisi mmoja mwanamke, mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano, aliyekuwa ameajiriwa kutengeneza mkono wa gari. Yule binti hakuwa na mwenyeji mjini, amelowa chapachapa, na Bi Tairi akamwonea huruma. Mlango ulifunguliwa na mdogo wake wa kiume. Akamtazama mgeni, mgeni akamtazama, na chai ya siku ile ikapoa birikani bila mtu kuikumbuka. Baada ya miezi minane mgeni akawa wifi.

Wakaishi nyumba moja, ile aliyoiacha baba: Bi Tairi, ambaye mumewe alifariki zamani, mdogo wake na mkewe, na mama yao, ambaye magoti yalimkataza ngazi lakini hayakumkataza maneno. Mama alimpenda mkamwana wake kupita kiasi. Jirani akiingia, hata hajakaa vizuri, mama angeanza: "Umesikia? Mkamwana wangu anatengeneza mkono utakaotoboa miamba ya Mirihi. Una viungo vitano, unakunjika kama wako!" Jirani akishaduwaa vya kutosha, mama angeelekeza kidevu jikoni. "Na binti yangu naye yuko hukohuko. Kwenye magurudumu."

Kwenye magurudumu. Bi Tairi alikuwa akikata vitunguu, na machozi yakapata kisingizio.

Kituoni, Mhandisi Mkuu alikuwa mzee mwembamba waliyemwita Bwana Gramu, kwa sababu hakuwa na swali jingine. Ukimwambia umejaliwa mtoto, alikuuliza kwanza uzito. Roketi iliwaruhusu kilo mia na themanini, basi, na kila idara ilikuwa na mgawo wake. Asubuhi moja aliwaita wote mezani akawatangazia kwamba mkono umezidi. Kule Mirihi baridi hushuka hadi grisi ya kawaida ikaganda kama nta, hivyo kila kiungo cha mkono kilihitaji kifaa kidogo cha kukipasha joto na gia imara zaidi. Ukijumlisha vyote, gramu mia tisa.

"Nani atanipa mia tisa?" aliuliza.

Watu wa kamera waliangalia viatu vyao. Mtu wa betri alisema, bila kuulizwa, kwamba betri ikipunguzwa gari litasinzia saa nane mchana. Bwana Gramu akageuza shingo polepole.

"Bi Tairi, ngozi ya gurudumu ina unene gani?"

"Milimita moja nukta mbili."

"Ikiwa sifuri nukta tisa?"

Alikuwa ameshapiga hesabu kabla swali halijaisha. Gramu mia moja na hamsini kila gurudumu, mara sita. Jibu lilikuwa mia tisa kamili, na alilichukia kwa jinsi lilivyokaa sawasawa.

"Kukereza kunawezekana," alisema. "Kama litahimili mawe, sijui."

"Lijaribu, utuambie."

Ng'ambo ya meza wifi yake alimtupia tabasamu la shukrani. Bi Tairi alijifanya anatafuta kalamu.

Kazi aliifanya, tena vizuri, maana mikono yake haikujua kufanya vibaya. Alumini ikishakuwa nyembamba hutetemeka na kupiga kelele mbele ya kisu cha mashine, na mtetemo huacha makovu. Alilijaza kila gurudumu nta ngumu kwa ndani ili litulie, akalikereza kwa mwendo wa konokono, kisha akaiyeyusha nta na kulipima kwa vidole kabla ya kulipima kwa mizani. Siku alipomaliza la sita, wifi yake alimfuata jikoni.

"Wifi, umeniokoa. Sijui nikushukuruje."

"Usinishukuru. Nimeamriwa."

"Hata hivyo."

"Hata hivyo nini? Nipishe nichukue sufuria."

Majaribio yakaanza. Uwanja wenyewe ulikuwa ndani ya ukumbi usio na madirisha: njia ya duara ya mchanga, na mawe yaliyosimikwa kwa saruji. Gari lililozunguka humo halikuwa lile la safari, bali fremu tupu, kwa kuwa Mirihi kitu huwa na uzito wa kama theluthi tu ya huku kwetu, na magurudumu yalitakiwa kubeba uzito ule ambao yangebeba huko. Yalipaswa kumaliza kilomita kumi kwa mwendo wa kobe, jambo la siku tisa.

Mawe aliyachagua Bi Tairi mwenyewe. Alikuwa na kipande cha bati chenye tundu. Ncha ya jiwe ikiingia tunduni, jiwe hilo ni kali mno, linatupwa kwenye ndoo. Picha za mahali ambapo gari lingetua zilionyesha miamba iliyolainishwa na upepo, na hapakuwa na maana ya kuliadhibu gurudumu kwa jiwe ambalo halingekutana nalo.

Jumanne ya wiki ya kwanza walikuja wageni na kamera za televisheni. Wifi yake aliwasha mkono, ukainama kwenye sahani, ukaokota yai, ukalihamishia sahani ya pili bila hata kulitia ufa. Watu wakapiga makofi kama wameona maiti amekaa kitako. Walipokuwa wakitoka, mgeni mmoja mwenye tai alimkuta Bi Tairi na brashi yake, akiondoa mchanga uliomwagika nje ya njia.

"Hongereni kwa usafi," alimwambia.

Jioni alipofika nyumbani alikuta ukuta wa sebuleni umebadilika. Mahali ambapo kwa miaka ishirini kilitundikwa cheti chake cha ufundi daraja la kwanza, sasa palikuwa na picha kubwa ya wifi, mkono wa chuma na yai.

"Cheti chako nimekiweka kabatini," alisema mama. "Kisiingie vumbi."

Bi Tairi aliketi kula. Alimtazama wifi akicheka na mumewe, akaona kila kitu chake kinamkera: namna alivyoshika kijiko, namna alivyosema "mama" kana kwamba alizaliwa humu ndani. Mimi ndiye niliyemleta, alijiambia. Nilimpa taulo akajifuta mvua, sasa anajifutia jina langu.

Jumatano aliwahi kazini kabla ya mtu yeyote. Alikwenda kwenye ndoo, akachagua jiwe jeusi lenye ncha kama pembe ya mbuzi, akang'oa moja lililo butu njiani, akalisimika lile kwa saruji ya haraka. Kipande cha bati kilibaki mfukoni mwa aproni. Akajitetea kimoyomoyo: kwani wao wamefika Mirihi? Nani anajua kama hakuna jiwe la namna hii? Hoja ilikuwa nzuri, lakini aliifagia saruji iliyomwagika kabla mtu hajaingia.

Ijumaa, kilomita ya sita, ulisikika mlio kama wa mtu aliyekanyaga kopo. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa na mpasuko wa urefu wa kidole. Bi Tairi aliandika ripoti kwa mwandiko mzuri kuliko kawaida yake: ngozi ya sifuri nukta tisa haifai.

Bwana Gramu hakubishana na ripoti. Magurudumu yarudishiwe unene wake, na mkono urudishe gramu mia tisa. Pa kuzitoa palikuwa mahali pamoja tu, kwenye keekee, kile chombo cha kutobolea miamba kilichofungwa kwenye kiganja cha mkono. Wifi alikuwa amekitengeneza kwa miaka minne, tangu kabla hajaolewa. Bila keekee, mkono ungebaki wa kubeba kamera na kukwaruza vumbi.

Nisiseme uongo: jioni ile Bi Tairi aliona utamu. Alikula wali sahani mbili. Jirani alipoingia, mama hakuwa na la kusema, akazungumzia magoti yake.

Utamu ulidumu siku tatu. Jumatatu alimkuta wifi uani, anaanua nguo, macho yamevimba. Bi Tairi alitaka kupita, wifi akamsimamisha.

"Nilikuwa nataka kwenda kubishana na Bwana Gramu," alisema. "Nimwambie jaribio lirudiwe. Kisha nikasema hapana. Angekuwa mtu mwingine ningebisha mpaka kesho. Lakini wewe ukisema gurudumu halifai, basi halifai. Hakuna jicho ninaloliamini pale kama lako, wifi."

Akaendelea kukunja shuka. Afadhali angemtukana.

Kesho yake Bi Tairi alipita mbele ya chumba cha mkono, akamwona wifi kupitia kioo. Alikuwa akifungua skrubu za keekee moja moja, akiziweka kwenye sanduku lililoandikwa "Haitumiki", na kila skrubu aliifuta kwa kitambaa kwanza, kana kwamba inakwenda kulala. Bi Tairi alirudi kwenye mashine yake, akaiwasha, akaizima. Mama yake alikuwa na msemo wa kuwatisha watoto waliomficha homa: mficha maradhi, kifo humuumbua. Alichukua tindo na nyundo, akaenda uwanjani, akaling'oa lile jiwe.

Saa nne asubuhi alilitua juu ya meza ya Bwana Gramu, likiwa limefungwa kwenye tambara, pamoja na kile kipande cha bati.

"Hili lilikuwa njiani," alisema.

Mzee alilichukua, akalijaribisha. Ncha ilipenya tunduni, ikachungulia upande wa pili.

"Uliliweka lini?"

"Jumatano, kabla hamjafika."

"Kwa kukosea?"

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa. Ilitosha kuitikia kwa kichwa.

"Hapana. Kwa makusudi."

"Kwa nini?"

"Wivu."

Bwana Gramu alivuta fomu ya hitilafu, akaipitia kwa kalamu kutoka juu hadi chini. "Hapa kuna uchovu, kuna uzembe, kuna kifaa kibovu. Hilo halimo."

"Basi liandike pembeni."

Aliliandika pembeni. Akamnyang'anya ufunguo wa uwanja wa majaribio, akampa barua ya onyo la mwisho, na akamwambia waziwazi kwamba hamfukuzi kwa sababu moja tu: hakuna mwingine anayeweza kukereza ngozi ile. "Na mezani utalisema mwenyewe," alimalizia. "Mimi si msemaji wako."

Alilisema mwenyewe, amesimama, mbele ya watu kumi na wawili. Mtu wa betri alitikisa kichwa. Mmoja wa watu wa kamera alicheka, akaona hakuna aliyemfuata, akakohoa. Wifi yake alimtazama kwa muda mrefu kama anayemtafuta mtu anayefanana naye.

"Ungenitilia chumvi kwenye chai ningeelewa," alisema mwishowe. "Keekee, wifi?"

Akakusanya karatasi zake akatoka.

Nyumbani hakumshtaki. Mama hajaambiwa kitu mpaka leo. Lakini maneno kati yao yalikatika, na katika nyumba yenye meza moja hilo si jambo dogo. "Mwambie dada yako anisogezee maji," wifi angesema. "Mwambie mkeo jagi liko mbele yake," angejibu Bi Tairi. Mume wa mmoja na mdogo wa mwingine alitua kijiko siku moja akasema, "Jamani, mimi si simu." Hakuna aliyecheka. Mama alimtazama huyu, akamtazama yule, akaomba chumvi.

Jaribio likarudiwa. Safari hii alisimamia mtu wa betri, ambaye hakumwamini hata mama yake mzazi na alipima kila jiwe mara mbili. Gurudumu jembamba lilimaliza kilomita kumi likiwa limebonyea hapa na pale, lakini bila tundu. Wakaliacha liendelee. Kilomita ya kumi na nne ndipo lilipopasuka. Kwa hiyo lilikuwa limefaulu. Keekee ilitolewa sandukuni na kurudishwa mahali pake.

Gurudumu lililopasuka lililetwa mezani kwa Bi Tairi, kwa kuwa uwanjani hakuruhusiwa kuingia. Aliligeuza chini ya taa, akaona jambo ambalo wivu ulikuwa umemfumba macho asilitafute. Ufa haukuanzia penye jiwe. Ulianzia pale ambapo matuta ya gurudumu, yale yanayoshika mchanga, yalikutana na ngozi. Pembe ile aliikata kali, kama kona ya sanduku, na nguvu zote zilikuwa zikikusanyika hapo. Ilihitaji kuviringwa kidogo, iwe kama sehemu ya ndani ya kijiko. Nyongeza ya uzito: gramu kumi na moja kila gurudumu. Sitini na sita kwa yote.

Bwana Gramu aliuliza mezani nani atazitoa. Macho yakaenda kwa wifi, maana yeye ndiye aliyekuwa amerudishiwa mia tisa.

"Sina hata gramu moja ya kumpa," alisema, na hakupepesa macho.

Bi Tairi hakumlaumu. Alirudi mashineni akazitafuta gramu ndani ya magurudumu yake mwenyewe. Kila moja lilikuwa na spoki nane, na kila spoki ilikuwa na nyama kidogo isiyobeba kitu. Alizikwangua kwa wiki tatu, akipima, akikwangua, akipima, mgongo umepinda mpaka jioni alipanda basi kama mtu aliyebeba gunia. Alipomaliza, mizani ilionyesha amepunguza sitini na nane.

"Mbili zilizobaki?" aliuliza Bwana Gramu, macho yakimng'aa.

"Mpe anayezitaka."

Mtu wa kamera alizidaka kabla sentensi haijafika chini.

Roketi iliruka mwaka uliofuata, na safari ikachukua zaidi ya nusu mwaka. Siku ya kutua, wahandisi walikaa ukumbi wa mbele, mafundi wakajazana karakanani mbele ya skrini ndogo. Habari kutoka Mirihi ilichukua dakika kumi na mbili kufika, hivyo walichokuwa wakikisubiri kilikuwa kimeshatokea, chema au kibaya. Picha ya kwanza ilipofunguka ilikuwa na vumbi, nusu yake kivuli, na kwenye kona yake gurudumu moja limesimama juu ya changarawe. Bi Tairi alilitambua. La nyuma kulia. Lina alama ndogo pale kisu kilipomteleza. Mafundi walimbeba juujuu, naye akawapigia kelele wamshushe, mgongo wake si wa alumini.

Nyumbani mama alikuwa ameita majirani. "Mkono umefika!" alikuwa akishangilia. "Mkono wa mkamwana wangu umekanyaga Mirihi!"

Bi Tairi alipita moja kwa moja kwenda jikoni. Akasikia sauti ya wifi nyuma yake, tulivu, ikisema mbele za watu:

"Mama, mkono bado umekunjwa, haujagusa kitu. Kilichokanyaga ni magurudumu. Na kama si magurudumu, mkono wangu ungekuwa umelala chini kama kijiti."

Majirani wakageuka kumtafuta mwenye magurudumu. Alikuwa jikoni, ameshika sufuria, hajui aiweke wapi. Yalikuwa maneno mema ya kwanza ya wifi juu yake kwa karibu mwaka na nusu, na hayakusemwa kwake, lakini aliyapokea.

Msidhani hapo ndipo kijicho kilipokufa. Miezi miwili baadaye keekee ilitoboa mwamba wa kwanza, tundu safi, refu kama kidole gumba, na picha yake ikazagaa mpaka kwenye simu za wauza nyanya. Wifi alialikwa huku na huku. Bi Tairi alipiga makofi pamoja na wengine, na palepale mdudu yule wa zamani akamuuma chini ya mbavu, akamuuma kweli.

Jioni wakakutana kwenye mlango mwembamba wa jikoni, mmoja anaingia na mwingine anatoka.

"Wifi," alisema Bi Tairi. "Nina wivu. Nimeona nikwambie mapema, kabla sijashika jiwe."

Wifi alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Pembe moja ya mdomo ikacheza.

"Najua. Unauonyesha kama tangazo. Haya nipishe nipite, ugali unaungua."

Akampisha.